Dizeli Haina Plagi

Mtaani walimwita Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Duka lake la spea lilikuwa na upana wa mlango na nusu, rafu mpaka darini, makasha ya vichujio na mikanda ya feni yakigombania nafasi. Nje, chini ya bati, kulikuwa na benchi refu la mbao ambalo halikuwahi kukaa tupu. Kinyozi alikuja hapo kunyoosha mgongo kati ya kichwa na kichwa, mshona viatu alikuja na kiatu chake mkononi, na wengine walikuja kwa sababu wakikosa siku moja wanakuta wamepitwa na mengi. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani kahama usiku na kitanda, na injini ipi inabugia mafuta, ungeuliza benchini. Redio angekujibu kabla hujamaliza swali.

Basi shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, alipotaka kununua gari la kupandia milimani, hakuna aliyeshangaa kwamba ushauri uliombwa kwake. Shemeji huyo alikuwa mkusanya maziwa. Wafugaji wa huko juu walitoa mikebe yao barabarani alfajiri, na maziwa yalipaswa kufika kwenye tangi la baridi mjini kabla jua halijachachamaa, la sivyo yanachacha. Kwa miaka minne alikuwa amekodi gari la watu. Mtaa mzima ulimwita Mama Maziwa. Hata mama yake mzazi kuna siku ulimi ulimteleza akamwita hivyo.

Magari yaliyopatikana yalikuwa mawili, yote mitumba, yote yanavuta kwa magurudumu manne, yamefanana kama pacha. Moja la petroli, jingine la dizeli. Kikao kilikaliwa sebuleni kwa mama mkwe, nyumba imejaa kama kawaida, watoto wanapita chini ya meza kama vile ni barabara yao.

Atakayeliendesha alikuwa mume wa Mama Maziwa. Huyo naye alikuwa na jina lake: Taratibu. Alikuwa dereva wa miaka mingi, mtu wa kuzunguka gari mara mbili kabla ya kupanda, na wa kufikiri mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Yeye na Redio, kwa kuwa wameoa dada wawili, waliitana mwanyumba.

"Mimi ningechukua la petroli," Taratibu alisema baada ya kukohoa. "Kule juu kuna mto hauna daraja. La petroli likilowa linazima tu. Unafuta waya, unangoja, unaondoka."

"Unafuta!" Redio alidakia, akasimama kabisa. "Jamani, mnamsikia mwanyumba? Watu wanapanda mlimani na injini, yeye anapanda na kitambaa!"

Sebule ilicheka. Hata mama mkwe alijifunika mdomo kwa kanga.

"Sikilizeni niwape somo," Redio aliendelea, mikono hewani. "Petroli inawashwa na cheche. Cheche inatoka kwenye plagi. Plagi ikilowa, kwisha habari. Dizeli haina plagi! Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inapata moto, mafuta yakiingia yanalipuka. Hakuna cheche, hakuna cha kulowa. Halafu nguvu! Mikebe ishirini, kilima kile, dizeli inapanda huku inapiga mluzi. Na mafuta inanusa tu, hainywi."

"Kuhusu nguvu, sawa," Taratibu alisema. "Lakini maji..."

"Mwanyumba, wewe shika usukani, injini niachie mimi."

Walicheka tena, Taratibu naye akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaangalia kikombe chake. Likanunuliwa la dizeli.

Na lilifanya kazi, tusimdhulumu mtu. Wiki sita lilipanda na kushuka bila hata kupiga chafya. Mama Maziwa alimpigia Redio simu mwenyewe kumshukuru, na Redio alihakikisha benchi zima limejua nani kampigia na kwa nini.

Kisha zikaja mvua.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, benchi limefurika watu tisa na wa kumi kakalia ndoo. Redio alikuwa katikati ya hadithi simu ilipolia. Aliona ni mwanyumba wake, akaweka spika, kama alivyozoea kuweka spika kwa kila simu iliyofaa kusikiwa.

"Mwanyumba," sauti ya Taratibu ilitoka ikiwa imechanganyika na mngurumo wa maji. "Niko mtoni. Narudi na maziwa, gari limejaa. Maji yamepanda. Naona kama yatafika usawa wa taa. Nilikuwa nataka kungoja, lakini nikingoja maziwa yatachacha. Wewe unasemaje?"

Kuna kitu Redio alikijua vizuri kuliko watu wote waliokaa pale. Gari la aina ile linavuta pumzi kwa mdomo ulioko nyuma ya taa ya kulia. Alikuwa ameuza vichujio vyake vya hewa kwa miaka, akiwaonyesha wateja kwa kidole: hapa ndipo hewa inapoingia, hapa ndipo kichujio kinapochomekwa. Angevuta pumzi moja tu, angekumbuka. Lakini macho ishirini yalikuwa yamemwelekea, kinyozi tayari anatabasamu akingoja, na mdomo wa Redio haukuwa umezoea kungoja kichwa.

"Unaendesha dizeli au unaendesha mkokoteni?" alisema, na benchi likaanza kutikisika. "Mara ngapi nikwambie? Dizeli haina plagi! Italowa nini, soksi zako? Kanyaga!"

Walilipuka. Mshona viatu alidondosha kiatu.

"Mko wangapi hapo?" Taratibu aliuliza.

"Tuko mtaa mzima!"

"Haya," Taratibu alisema, akakata.

Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa wa kungoja, siku hiyo hakungoja. Alipofika katikati ya mto gari lilinyamaza ghafla, kwa kishindo kimoja, kama mlango uliobamizwa. Trekta ndiyo iliyolitoa, saa nane mchana. Mikebe ishirini ya maziwa ilimwagwa kando ya njia, wafugaji wengine wakiwa wamesimama wanaangalia.

*

Fundi aliyeifungua injini ile alikuwa mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache, gereji yake iko nyuma ya kituo cha mafuta. Redio alikwenda kwa sababu aliitwa alete gasketi. Alimkuta Mama Maziwa amesimama, mikono kifuani, na Taratibu amechuchumaa karibu na gurudumu la mbele, bado amevaa viatu vilivyoingia maji.

Fundi aliweka juu ya meza kipande cha chuma, akakigeuza ili wakione vizuri. Ulikuwa mkono wa pistoni, umepinda kama kijiko kilichokaliwa.

"Ingekuwa ya petroli," alisema, "inawezekana ingekohoa ikazima mapema, mngeikausha mkaenda zenu. Hii inabana kwa nguvu zaidi. Hewa ukiibana inakubali. Maji hayakubali. Kwa hiyo kuna kitu kingine kitakubali, na kilichokubali ni hiki." Akafuta mikono. "Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anajua. Nani alikwambia upite?"

Redio alihisi damu ikimpanda kuanzia shingoni. Aliangalia kichwa cha Taratibu kutoka juu, akaona mahali nywele zilipoanza kupungua. Hakuwahi kupaona.

"Niliona tutachelewa," Taratibu alisema, bila kuinua uso.

"Umeona utachelewa," Mama Maziwa alirudia polepole. "Wewe. Wewe ambaye unachelewa hata kumeza. Leo ndiyo ukaona utachelewa."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kukiri. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Redio alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Gasketi ninazo. Hata hizi za kichwa cha silinda."

Njiani kurudi dukani alijaribu kulicheka jambo hilo, akashindwa. Sentensi ilikuwa inamrudia kila hatua. Gasketi ninazo.

Lakini aibu, kama hujaikata mapema, inazaa. Jumatatu benchi lilijaa kuliko kawaida, maana kila mtu alikuwa amesikia.

"Sasa imekuwaje?" kinyozi aliuliza. "Si wewe ulimwambia apite?"

Redio alipanda ngazi kwenda rafu ya juu, akajifanya anatafuta kitu.

"Redio hawezi kukosea habari ya injini," mshona viatu alimtetea, kwa mapenzi kabisa. "Mimi naona jamaa alikuwa amepata moja mbili asubuhi asubuhi. Wakimya hawa ndio wenyewe. Alilipeleka gari vibaya."

"Kwa kweli sauti yake kwenye simu ilikuwa nzito," mwingine akaongeza.

"Nzito? Ilikuwa inayumba!"

Taratibu hajawahi kuonja pombe. Redio alilijua hilo kama anavyojua namba ya duka lake. Alikuwa juu ya ngazi, mgongo wake kwa watu, kasha la balbu mkononi. Akakohoa. Akalirudisha kasha mahali pake. Hadithi nyingine ikaanza, na ile ya kwanza ikaondoka zake na miguu yake, kama zilivyoondoka hadithi nyingi kutoka benchi lile.

Ijumaa mkewe alirudi kutoka sokoni, akaweka kikapu mezani bila kukifungua. Nyumba ilikuwa imepoa, watoto wao pacha hawajatoka shule.

"Baba Pacha," alisema, "nimekutana na mwanamke wa kule juu, anauza mayai. Ananiambia wafugaji wameamua hawatoi maziwa yao kwa dada tena. Wamesikia dereva ni mlevi."

Redio aliendelea kupekua daftari la oda.

"Nikamuuliza kasikia wapi. Kasikia kwa mwenye lori la mchanga. Mwenye lori kasikia kwa kinyozi." Alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Kinyozi nimempitia. Kacheka mpaka machozi, akanisimulia jinsi ulivyomjibu shemeji kwenye spika. Ananisimulia mimi, mke wako, kama zawadi."

"Mama Pacha..."

"Dada ananiuliza kila siku: hivi mume wangu alikumbwa na nini? Na shemeji hasemi. Unaelewa? Yeye hasemi. Angekutaja wewe angekuwa amemaliza kesi, lakini kakaa kimya kwa sababu wewe ni mwanyumba wake. Na wewe unakaa kimya kwa sababu gani?"

Redio alilifunga daftari.

"Mimi sitakusemea," mkewe alisema, akaanza kutoa vitunguu kikapuni kimoja kimoja. "Jumapili tunaitwa kwa mama. Wanampokonya shemeji ufunguo. Utakuwepo."

*

Jumapili sebule ilikuwa ile ile, lakini watoto walikuwa wamefukuzwa nje. Ufunguo wa gari ulikuwa mezani, peke yake, katikati ya vikombe. Taratibu alikuwa amevaa shati la kutokea, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia, "hakuna anayekuchukia. Lakini wafugaji wamesusa. Tumepata dereva mwingine. Ukikaa pembeni kidogo, watu watasahau."

"Nimeelewa, mama," Taratibu alisema.

"Na kama unakunywa, baba," mama mkwe aliongeza kwa sauti ya chini, "sema, tukusaidie."

Taratibu alimwangalia mama huyo. Halafu aligeuza macho, si kwa hasira, akamtazama Redio, mara moja tu, jinsi mtu anavyotazama saa ukutani. Akayarudisha mezani.

Redio alijaribu njia aliyoizoea. "Jamani, jamani," alisema, akicheka, "hata samaki wenyewe siku ile walikuwa wanaogopa mto..."

Hakuna aliyecheka. Mkewe alikuwa anaangalia dirisha. Redio alisikia kicheko chake mwenyewe kikizunguka chumba na kukosa pa kukaa.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?" Mama Maziwa aliuliza.

"Alinipigia simu kutoka mtoni. Alitaka kungoja. Nikamwambia akanyage." Aliangalia ufunguo mezani. "Nilikuwa nimeweka spika. Watu walikuwa wanacheka, na mimi nikawa nawachekesha. Nilijua hewa inaingilia wapi kwenye gari lile. Nauza vichujio vyake. Nilijua, shemeji, ila sikufikiri. Halafu dukani wakasema alikuwa amelewa, nami nilikuwepo. Nilikuwa juu ya ngazi. Sikusema kitu."

Alingoja apigiwe kelele. Kelele angeziweza, angejitetea, angeapa, angeshika miguu ya mkwe wake. Lakini wote walimwangalia tu, kama mgeni ambaye hawakumbuki nani alimkaribisha.

"Watu wangapi walikuwa wanasikia?" Mama Maziwa aliuliza mwishowe.

"Kumi."

"Kumi. Na mume wangu alikuwa anawasikia wakimcheka."

"Alisikia."

Mama Maziwa alimgeukia mumewe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Gari nilikuwa naliendesha mimi," Taratibu alisema. "Maji nilikuwa nayaona kwa macho yangu. Yeye alikuwa dukani." Kisha akaongeza, kama anayeungama kosa lake mwenyewe, "Ila kile kicheko ndicho kilichonisukuma."

Hayo ndiyo yaliyomchoma Redio kuliko yote. Aliangalia viatu vyake.

Mama Maziwa aliuchukua ufunguo, akausogeza mpaka mbele ya mumewe. "Fundi anauliza aitengeneze hii injini, au gari tuliuze hivi hivi tutafute la petroli. Wewe unasemaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika sebule ile mtu kumuuliza Taratibu swali na kungoja jibu. Wakangoja. Alichukua muda wake.

"Tubaki na dizeli," alisema.

Redio aliinua kichwa.

"Wiki zile sita nililiangalia. Kile kilima, na mzigo ule, la petroli lingelia kwa gia ya kwanza mpaka juu na lingekunywa mafuta mara mbili. Kwa kuvuta, mwanyumba alisema kweli. Kwa maji, hakusema kweli. Fundi aweke bomba la kupandisha mdomo wa hewa mpaka juu ya paa. Na maji yakifika kwenye taa, bomba au hakuna bomba, nitangoja. Maziwa yakichacha, yachache."

"Na wafugaji?" mama mkwe aliuliza. "Nani atawaambia?"

Hakuna aliyemtaja mtu. Hakukuwa na haja.

*

Walikwenda kwa wafugaji Jumatano, Redio na Taratibu, kwa miguu kutoka kituo cha mwisho cha basi, maana gari lilikuwa bado limefunguliwa gereji. Njia nzima Taratibu alitangulia hatua tano mbele. Hakuwa amenuna, ndivyo alivyotembea. Redio alikuwa na hadithi tatu za kuipunguza safari, zote nzuri, na zote alizimeza.

Lango la kwanza lilikuwa la bibi mmoja mwenye ng'ombe wawili na masikio mazito. Alikuwa anasugua mkebe kwa majani na mchanga. Alipomwona Taratibu alikaza uso, akaendelea kusugua.

"Shikamoo, mama," Redio alianza. "Nimekuja kuhusu ile habari ya dereva."

"Marahaba. Habari ya nani?"

"Ya dereva. Siku ile mtoni hakuwa amelewa. Ni mimi nilimpa ushauri mbaya."

"Ongea juu, baba, sisikii."

Redio alisogea. Uani kwa jirani mwanamume alikuwa anatengeneza uzio. Nyundo yake ikasimama. Ng'ambo ya njia, wasichana wawili wenye ndoo za maji walipunguza mwendo. Maisha yake yote hakuwa amepata kuombwa apaze sauti.

"Nimesema dereva hakuwa amelewa!" alipaza, na masikio yake yakawaka moto. "Hanywi! Ni mimi niliyemwambia avuke, na niliyesababisha asingiziwe ni mimi!"

"Wewe ni nani?"

"Mwanyumba wake! Muuza spea!"

Bibi alimkagua kuanzia viatu mpaka usoni, bila haraka, akamgeukia Taratibu. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Na maziwa yangu yalimwagwa kwa sababu ya maneno ya huyu?"

Taratibu aliangalia pembeni, na katika kuangalia kwake pembeni kulikuwa na huruma ambayo Redio angefurahi kama asingeiona.

"Ndiyo, mama," Redio alisema mwenyewe, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye uzio. "Kwa sababu ya maneno yangu."

Bibi alimwaga maji machafu kutoka kwenye mkebe, karibu sana na viatu vyake, akaupindua ukauke. "Gari likipona nitatoa mkebe mmoja. Mmoja, nione." Halafu akanyoosha kidole kuelekea juu ya mlima, kwenye mapaa ya bati yaliyotawanyika. "Wale wa juu wanasikia vizuri. Lakini wana maswali mengi."

Taratibu alishatangulia. Redio alijifuta uso kwa kiganja, akamfuata. Yalibaki malango kumi na moja.